Dirisha la vioo vya rangi lenye ramani ya mtaa: fito za risasi au utepe wa shaba?

Kwenye dirisha la aina hii, mistari inayoshika vioo ndiyo mitaa yenyewe, kwa hiyo anza na ramani. Kariakoo imepangwa kwa miraba, na hapo fito za risasi (vijiti vya metali laini ya risasi vyenye mfereji unaoshika ukingo wa kioo) zinapendeza: nene kwa Msimbazi na Uhuru, nyembamba kwa mitaa midogo. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni habari nyingine. Vichochoro vyake hujikunja kila hatua, na vipande vya kioo huwa vidogo mno kwa fito. Utepe wa shaba, unaozungushwa ukingoni mwa kila kipande kisha kuungwa kwa lehemu, huifuata mikunjo hiyo kwa uzuri wa kweli, ingawa hula muda na lehemu nyingi.

Kwa mvua na upepo, risasi inashinda: mianya yake hujazwa puti, na fito zikichoka baada ya miongo mingi fundi huzibadilisha. Usafi ni uleule, kitambaa laini tu.

Dirisha la nje, lenye mitaa iliyonyooka? Risasi. Pambo la ndani, juu ya mlango wa sebule? Utepe. Ukitaka vichochoro vikae nje, ukinge utepe kwa kioo cha kawaida. Bajeti ikibana, punguza mitaa.