Fundi wa websaiti wa hapa Mwanza: kazi anaijua ila heda, ile picha kubwa ya juu ya websaiti, ilinitoa jasho

Nyota tatu na nusu. Jina lake siliweki maana tunasalimiana na kazi mwishoni kaimaliza, ila nyie wenye gesti na wenye boti za kupeleka watu kisiwa cha Saanane mnaotaka kutengenezewa websaiti, someni kwanza yaliyonikuta.

Mi nina gesti ndogo huku Kirumba. Nikampa jamaa picha moja ya maana, imepigwa jioni na kamera kubwa, Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, kushoto kabisa, kulia feri inaingia Kamanga, katikati maji tu. Akaipachika kwenye heda, af akaandika KARIBU MWANZA humo humo ndani ya picha kwa herufi za njano. Pale ofisini kwake kwenye kioo chake kikubwa cha pikseli (vile vitone vya skrini) 1920 kwa 1080, aisee, nililipa hapo hapo.

Usiku mteja wa Bukoba ananipigia, "kaka samahani, hii IBU MWA ndo wapi?" Nikajua utani, nafungua kwenye simu yangu nakuta kweli IBU MWA, jiwe hamna, feri hamna, maji matupu kama mtu kapiga picha beseni. Na ilivyochelewa kufunguka nikadhani bando limeisha.

Asubuhi nikamwendea nimekunja sura. Kwanza akaibana picha yote iingie, jiwe likarudi ila limekuwa jembamba kama muwa, nikamwambia kaka hilo sio Bismarck hilo ni mnara wa simu. Akajaribu nyingine, ikaingia nzima bila kubanwa ila ikawa kamkanda juu na chini yake weupe mtupu. Ndo akaanza kunielewesha, na hapa nampa haki yake. Laptop za watu, mfano zile za 1366 kwa 768, zimelala, simu imesimama, kwa hesabu za websaiti nyingi upana wake ni kama 360 na urefu 800. Ile amri aliyotumia mwanzo inaitwa cover, inajaza nafasi yote bila kuivuta picha lakini inayozidi inaikata, na yeye alishaiambia ishike katikati. Sa katikati yangu mi ni maji!

Dawa ikawa picha mbili. Moja pana ya kompyuta, nyingine akaikata imesimama, jiwe peke yake na anga lake, ya simu, brauza inaangalia upana wa skrini inachagua yenyewe. Maneno akayatoa kwenye picha akayaandika kama maandishi ya kawaida juu yake, kwaiyo skrini ikiwa ndogo yanashuka mstari wa pili badala ya kukatwa. Na uzito, picha yangu ilikuwa MB 7 jamani, akaipunguza vipimo akaigeuza WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ya kompyuta ikashuka chini ya KB 200 na ya simu chini ya 100. Sahivi inafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Kinachoniuma ni kwamba yote haya alikuwa anayajua tangu mwanzo ila hakushika hata simu yake mwenyewe akaangalia. Wageni wangu wananitafuta wakiwa kwenye basi wanakaribia stendi ya Nyegezi, nani kabeba kioo cha 1080 kwenye basi? Fundi nguo anakupima wewe, hapimi lile sanamu la mlangoni.

Bei ilikuwa laki moja na nusu. Kwa marekebisho akataka elfu 30 tena, tukavutana weee, ikaishia elfu 10 na sahani ya sato. Tableti ya mke wangu ukiilaza bado kichwa cha jiwe kinakatwa, nimemwambia, kasema Jumamosi.