TAHADHARI: FJ Cruiser ya bluu ya Nyegezi haiuzwi, inavuna vishika uchumba

Wana Mwanza, hasa nyie mnaotafuta gari la juu kwa hizi barabara zetu za mawe: kuna Toyota FJ Cruiser ya bluu, paa jeupe, huwa inaegeshwa kwenye sehemu ya kuoshea magari huku Nyegezi. Ukiambiwa utoe kishika uchumba kwanza ndipo ulipeleke kwa fundi wako, usitoe. Mimi nimetoa milioni tatu. Gari sina, hela sina.

Jina la muuzaji na namba ya gari siweki hapa, suala liko kituoni.

Nimeishi mji huu miaka kumi na tisa na nilikuwa najiona mjanja, kwa hiyo acha niwaeleze nilivyoingizwa mjini. Nakaa Nyasaka, kule juu ambako mvua za Aprili zikipiga, Vitz inabaki bondeni na mwenye Vitz anapanda kwa miguu. Nilitaka gari moja la kila siku: asubuhi watoto shule, mchana kazini, wikiendi kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda kwa wazee Sengerema. Na tuseme ukweli, FJ nilitaka kwa sababu ya sura. Toyota walilichora kwa kuikumbuka Land Cruiser FJ40 ya zamani, ile ya taa za mviringo na paa jeupe ambayo wengi tumekua tukiiona misheni na kwenye miradi ya maji. Mtu akilipenda lile gari akili inamruka kidogo. Muuzaji analijua hilo kuliko sisi.

Hata ubaya wake nilikuwa naujua. Injini ni V6 ya lita 4.0, mjini ukipata kilometa saba kwa lita shukuru. Milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza, kwa hiyo kila asubuhi getini mama yao afungue wake ndipo watoto washuke. Nguzo za nyuma ni nene, ukirudi rivasi pale Makoroboi unamwomba Mungu. Yote niliyakubali. Wipa tatu kwenye kioo cha mbele, jamani! Nani mwingine ana wipa tatu?

Alitaka milioni 46, pungufu ya milioni kumi na ushee kwa zile nilizoziona Dar. "Kaka, nimebanwa tu. Gari ni ya wife, inaenda kanisani na sokoni." Mita inasoma 86,000. Nikamwambia fundi wangu lazima aliangalie. "Hakuna shida mkuu, ila kuna jamaa wa mgodini Geita anakuja na hela jioni. Weka chochote nimzuie. Ukishaweka, hata ukitaka kulala nalo kwa fundi, lala."

Ikaonekana haki. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, shahidi kijana wa kuosha magari, mikono bado ina povu. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa herufi za kubanana: "Mnunuzi akighairi kwa sababu yoyote, kishika uchumba hakitarudishwa." Nikasaini.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Buzuruga. Nilipoingia nalo gereji hakunisalimia. Alisimama, akafuta mikono, akacheka.

"Limerudi tena hili?"

"Limerudi vipi, mzee?"

Hakujibu. Akalala chini na spana, akaanza kugonga chesisi kuanzia mbele. Ngee, ngee, ngee, chuma kinalia kama kengele. Akafika nyuma, juu ya gurudumu la kulia: pwa. Akagonga tena: pwa. Akachukua bisibisi akakwangua rangi nyeusi, mpya kabisa, bado inanukia. Chini ya rangi kuna puti, ndani ya puti kipande cha bati, na pembeni ya bati tundu la kuingia kidole.

"Hili tundu nilitoboa mimi, mwezi wa tatu. Kuna mwalimu wa Magu aliniletea gari hili hili."

Nilikaa juu ya tairi bovu. Mzee akaendelea na kazi yake kama vile mimi sipo. Akafungua mlango wa nyuma akanionyesha stika ndogo ya kubadilisha oili, ya Kijapani, kwenye ukingo unaofunikwa na mlango wa mbele. Wajapani huandika miaka kwa utawala wa mfalme wao. 28 pale ni Heisei 28, yaani 2016. Chini yake, kwa kalamu: 131,480. Leo mita inasoma 86,000. Huyo mke wake basi amekuwa akienda kanisani kinyumenyume, kama ile milango.

Kadi nayo. Niliyotumiwa ni picha tu, "kadi yenyewe iko benki". Jina si lake, na mwaka wa kutengenezwa umeandikwa 2008. FJ za usukani wa kulia Toyota hawakuzitoa kiwandani kabla ya 2010. Kwa hiyo ile kadi ni ya gari jingine au ni ya kuchapisha, na mimi nilikuwa nayo kwenye simu siku nne bila kuisoma.

Nilipompigia kuhusu kutu akasema gari lilikuwa likivuta mitumbwi mwaloni, "ni maji ya ziwa hayo". Watu wa Kanda ya Ziwa tunaambiwa hivyo! Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya kula chuma hivyo. Mzee anasema kutu ya namna ile huja na gari kutoka kaskazini mwa Japani, kule Hokkaido, ambako wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Inashika chini, inakula taratibu, sisi tunapokea juu kunang'aa.

Nikaomba hela yangu. Akanitumia picha ya karatasi, kazungushia ule mstari wa mwisho wino mwekundu. "Umeghairi mwenyewe, mkuu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hana haraka ya kuliuza. Anakuruhusu uende kwa fundi kwa sababu anajua fundi ataona, utaghairi, na ukighairi tu milioni tatu ni zake. Rangi nyeusi anapaka ya wiki mbili tu. Nimeshampata yule mwalimu, aliacha milioni mbili. Yupo pia mfanyabiashara wa Sengerema aliyeacha nne.

Kituoni niliambiwa mmoja mmoja tunaonekana ni madai ya kawaida, kila mtu na karatasi yake aliyosaini, twende Mahakama ya Mwanzo. Tukifika wengi wenye karatasi zinazofanana, ndipo inaweza kusomeka kama kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu.

Jumapili nimepita pale kwa bodaboda. Limeoshwa, matairi yanang'aa, kuna kijana anajipiga picha kwenye mlango wa dereva. Nikashuka nikamwuliza kama ameshatoa kitu. Akasema bado, ndiyo anaenda kwa wakala. Tumeondoka naye.

Kama uliwahi kutoa kishika uchumba kwa gari hilo, niandikie inboksi. Karatasi yako na meseji ya muamala usifute. Alhamisi saa tatu asubuhi tunaenda kituoni pamoja, mpaka sasa tuko watatu.