Flask: urudishe data tu, au ujenge jibu kwa make_response?

Tuseme unaandika programu ya bei za dagaa na sangara kwa wachuuzi wa Mwaloni, Kirumba. Simu inauliza, seva inajibu. Katika Flask, zana ya Python ya kuandikia programu za wavuti, jibu hilo lina njia mbili.

Ya kwanza ni kurudisha data basi. Ukirudisha kamusi ya Python (dict), Flask huigeuza kuwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, na kuipa msimbo wa hali 200, yaani mambo sawa. Ukitaka mwingine, ongeza mkato na namba: 201 mzigo ukisajiliwa, 404 bei ikikosekana. Hata heda, yaani maelezo yanayoambatana na jibu, huingia humo humo, nafasi ya tatu. Kwa kazi nyingi inatosha kabisa.

Ya pili, make_response, inakukabidhi jibu lenyewe kabla halijaondoka. Hapo unaita set_cookie, inayoweka kuki (data ndogo inayotunzwa na kivinjari), ili kukumbuka kama mchuuzi anapenda bei kwa kilo au kwa gunia. Au unaweka heda ya Cache-Control yenye max-age=600, kivinjari kitumie nakala yake kwa dakika 10 badala ya kumlia mtu bando kwa bei ileile. Kuandika heda ya kuki, Set-Cookie, kwa mkono katika njia ya kwanza kunawezekana, ila ni kujitafutia balaa.

Mimi huanza na ya kwanza, nahamia ya pili kuki ikihitajika. Heda ikiwa ya majibu yote, achana na zote mbili: iweke mara moja kwenye kazi (function) ya after_request, ambayo Flask huiita kabla ya kutuma kila jibu. Usisahau tu kwamba kazi hiyo lazima irudishe jibu, la sivyo kila ombi litaishia kwenye kosa.