Tathmini ya huduma ya usanifu wa mifereji ya mtambo wa mafuta na gesi: mfumo uliofungwa umekamilika, ulio wazi ulirudishwa mara mbili

Kampuni ya ushauri wa kihandisi tuliyoipa kazi ya kusanifu mifumo ya kuondoa vimiminika katika mtambo wetu wa kuchakata mafuta na gesi imekabidhi michoro yake, nami nimeipitia bomba kwa bomba pamoja na waendeshaji. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wahandisi wenzangu watakaotafuta huduma kama hiyo. Sitaitaja kampuni kwa jina, kwa sababu dosari nitakazozieleza nimezikuta pia katika kazi za wasanifu wengine, na ninachotaka msomaji akijue ni mahali pa kutazama kabla hajatia saini.

Mtambo wa aina hii huwa na mifumo miwili isiyopaswa kukutana. Mfumo uliofungwa hupokea mafuta yanayobaki ndani ya vyombo vya kuchakatia vinapoandaliwa kwa matengenezo, na kuyapeleka kwenye tangi ambalo gesi yake huelekezwa kwenye mwenge wa kuchomea. Mfumo ulio wazi hupokea maji ya mvua, maji ya kuoshea sakafu, matone ya pampu na maji ya zimamoto, ambayo hushuka yenyewe kwa mteremko hadi kwenye kitenganishi cha mafuta na maji. Wasanifu wetu hawakuiunganisha mifumo hiyo popote, hata pale ambapo kufanya hivyo kungeokoa bomba refu, na kwa hilo wanastahili pongezi. Gesi yenye presha ikipenya kwenye valvu moja iliyosahauliwa hutafuta njia nyepesi, na njia hiyo ikiwa ni faneli iliyo wazi sakafuni, wingu la gesi hutokea miguuni pa mfanyakazi.

Katika mfumo uliofungwa walikuwa makini kweli kweli. Kila chombo kikubwa kimewekewa valvu mbili zinazofuatana, ya kwanza ya kufunga kabisa na ya pili ya kupunguza mtiririko, ili kulika kwa chuma kunakoletwa na mwendo mkali wa kimiminika kuiangukie ile ya pili na ya kwanza ibaki na uwezo wa kufunga. Aidha, walikumbuka baridi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 za selsiasi chini ya sifuri presha inaposhuka hadi ya hewa ya kawaida, ilhali kwa chuma cha kaboni kinachotumika sana kwenye mabomba, mwisho wa matumizi salama kwa kawaida ni nyuzi 29 chini ya sifuri. Kwa hiyo njia zote zinazoweza kupokea gesi ya kimiminika kama propani waliziandikia chuma kinachostahimili baridi hiyo.

Kwenye mfumo ulio wazi ndipo nilipolazimika kurudisha michoro. Katika eneo la vitenganishi vya gesi, lenye sakafu ya mita za mraba 200, walipima bomba la kutolea maji kwa kuifikiria mvua tu. Mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya eneo hilo huleta mita za ujazo 10 kwa saa, na bomba la inchi 4 lenye mteremko wa 1 kwa 100 hupitisha takriban 18, hivyo kwenye karatasi kila kitu kilionekana sawa. Lakini vyombo vilivyosimama juu ya sakafu hiyo vina jumla ya mita za mraba 150 za uso, na vinalindwa na vinyunyizio vinavyomwaga lita 10.2 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Zidisha, utapata karibu mita za ujazo 92 kwa saa. Siku ya moto, sehemu kubwa ya maji hayo isingekuwa na pa kwenda. Ingejaa sakafuni, ikabeba mafuta yanayowaka juu yake na kuyasambaza hadi chini ya vyombo ambavyo moto haukuwa umevifikia. Bomba lenye kutosha hapo ni la inchi 8. Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hesabu yake ni ya dakika 5, na bado hupitwa.

Dosari ya pili haikugunduliwa nami. Katika kikao cha kuchambua hatari, mwendeshaji wetu wa siku nyingi aliweka kidole kwenye faneli iliyochorwa ndani ya chumba cha kompresa na kumuuliza msanifu, "Mhandisi, msimu wa ukame hapa ndani kutabaki maji gani?" Chumba kilikaa kimya. Mtego wa maji chini ya faneli, yaani kipande cha bomba kilichopinda ili kibaki na maji, ndio pekee unaozuia mvuke wa mafuta kurudi kutoka kwenye bomba kuu, na mtego wa sentimita 15 huzuia takriban milibari 15 tu, iwapo una maji. Faneli isiyomwagiwa kitu kwa wiki kadhaa hukauka, na bomba kuu hugeuka kuwa njia ya mvuke kati ya vyumba. Mwaka 1992, petroli iliyoingia kwenye mabomba ya majitaka ya Guadalajara, Meksiko, ililipuka chini ya barabara na kuua watu zaidi ya 200; hakuna anayesanifu mifereji anayeruhusiwa kulisahau tukio hilo. Kampuni iliikubali hoja na kuongeza bomba dogo la kujaza mitego yote ya ndani ya majengo.

Kitenganishi chenyewe cha mafuta na maji ni kizuri na ukubwa wake unatosha, ila waliweka mbele yake pampu ya mzunguko wa kasi. Vitenganishi vya kawaida vya mvutano, ambamo mafuta huachwa yaelee yenyewe juu ya maji, hulenga matone ya mafuta yenye kipenyo cha maikromita 150 na zaidi, na pampu ya namna hiyo huyasaga matone kuwa madogo kuliko hapo. Imebadilishwa kwa pampu ya skrubu inayokwenda polepole.

Kwa tabia ya kazi, sina lalamiko: majibu yao yalikuja kwa maandishi, yakiwa na hesabu, na hawakubishana kwa ajili ya kubishana. Ningewapa tena kazi ya mfumo uliofungwa bila kusita. Kwa ulio wazi, ningedai kwenye mkataba kwamba hesabu za maji ya zimamoto zitangulie mchoro wa kwanza. Bado wanadaiwa ukubwa wa bwawa la kuyashikilia maji hayo yasitoroke nje ya uzio, kama yalivyotoroka kwenye moto wa bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, mwaka 2005, pale kuta za kuzuia mafuta zilipovuja. Na malipo ya awamu ya mwisho nimeyafunga kwenye hesabu hiyo.