Uzoefu wangu: kutazama ndege kutoka melini, Ushuaia hadi Antaktika

Aliyezoea kutafuta ndege katika hifadhi za Kitulo au Ruaha hapa Tanzania ajue jambo moja kabla ya kulipia safari hii: sehemu kubwa ya ndege utakaowafurahia iko baharini, ingawa matangazo yote hujaa picha za pengwini. Mimi huongoza wageni Kitulo nikitokea Mbeya, na nililipiwa na mteja wangu wa siku nyingi, kwa sababu bei yenyewe ni ya maelfu ya dola kabla hujahesabu ndege ya kukufikisha Argentina.

Kutoka Ushuaia, mji wa bandari kusini kabisa mwa Argentina, meli hupita Mlango wa Beagle, kisha huingia Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, wenye upana wa kilomita 800 hivi, ambao kuuvuka huchukua karibu siku mbili. Abiria wengi walishikwa na kichefuchefu wakajifungia vyumbani, nasi wachache tukabaki na sitaha ya tezi, yaani ya nyuma ya meli, peke yetu. Albatrosi mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanaweza kufikia mita 3.5, alitufuata kwa muda mrefu pasipo kupiga bawa: hupanda akiukabili upepo, hugeuka kule juu unakovuma kwa kasi zaidi, kisha huteremka nao hadi ncha ya bawa ikaribie kugusa maji. Nyuma yake walikuja petreli wa Cape, migongo yao ikiwa na mabaka meusi na meupe kama ubao wa drafti, na chini kabisa petreli wa Wilson, ndege wa gramu 40 hivi, wakichezesha miguu juu ya maji huku wakidonoa chakula.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za milimita 42, inatosha. Yenye nguvu zaidi hutikisika mno melini. Baridi ya Kitulo mwezi Julai itakuwa imekuandaa kidogo tu, kwani upepo wa sitahani ni balaa nyingine, na glavu nene hazikuruhusu kugeuza gurudumu la darubini, kwa hiyo vaa nyembamba ndani yake.

Huduma ilikuwa nzuri, isipokuwa ratiba. Mtaalamu wa ndege aliijua kazi yake, lakini mihadhara yake iliwekwa ukumbini saa zilezile ambazo ndege walikuwa wengi nje, jambo ambalo kwetu mgeni asingelivumilia.

Kushuka nchi kavu kuna masharti: meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, watalii wasiozidi 100 ndio wanaoruhusiwa kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, unakaa mita tano kutoka kwa ndege, na kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege hukai chini wala hupigi magoti. Pengwini wa Gentoo waliibiana kokoto za viota mbele yetu bila haya. Harufu ya kinyesi chao haimo katika tangazo lolote. Kabla ya kushuka, buti husuguliwa kwa dawa na mifuko ya makoti husafishwa kwa mashine ya kuvuta vumbi ili mbegu ngeni zisiingie. Utaratibu huo ningependa sana uigwe Kitulo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, ambako wageni huingia na matope ya kokote walikotoka.

Natoa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kwenda aulize kwanza kama mihadhara hufanyika usiku, na kama sitaha ya tezi huachwa wazi bahari inapochafuka.