Sing As We Go (1934): Kicheko cha Walioachishwa Kazi

Filamu hii ya Uingereza, iliyoongozwa na Basil Dean, inaanzia katika kiwanda cha pamba cha Lancashire, jimbo la kaskazini mwa Uingereza, kinachofungwa na kuwaacha wafanyakazi wake mikono mitupu. Kwa maoni yangu, uzuri wake wote unatokana na uamuzi huo wa kujenga ucheshi juu ya shida ya kweli. Grace Platt, anayeigizwa na Gracie Fields, hakai nyumbani kushika tama, bali anapanda baiskeli kwenda Blackpool, mji wa pwani ambako watu wa viwandani walikuwa wakienda kupumzika, akatafute kibarua.

Huko anashika kazi moja baada ya nyingine, mara mtumishi katika nyumba ya wageni, mara mwuza tofi, mara "mtu buibui" katika maonyesho ya kiinimacho, na kila moja inamponyoka. Mswada wa J. B. Priestley unarukaruka kidogo kati ya vituko hivi, lakini sikuchoka, kwa sababu Dean aliipeleka kamera Blackpool kwenyewe, tukauona mnara, ufuo na umati wa watu halisi waliobanana, wengi wao wakiwa bila shaka ni wafanyakazi waliodunduliza fedha mwaka mzima kwa ajili ya siku chache za bahari.

Fields alizaliwa Rochdale, Lancashire, mwaka 1898, na lafudhi ya kwao haifichi hata kidogo. Sauti yake hupanda juu kabisa, kisha hushuka ghafla kwa mzaha. Hata hivyo, alichonigusa nacho zaidi ni namna Grace anavyoumeza uchungu wake, kwa kuwa Hugh (John Loder), mwanamume ambaye Grace anampenda, moyo wake umeangukia kwa msichana mwingine, Phyllis. Wapenzi hao wawili ni wazuri wa sura lakini wamepoa, na kila wanapobaki peke yao filamu hupungua nguvu.

Mwisho nao ni mwepesi mno: kiwanda kinaokolewa na mbinu mpya ya hariri ya bandia, bahati ambayo wengi wa Lancashire ya miaka ile hawakuipata. Hata hivyo, Grace anapowaongoza wenzake kurudi kazini wakiimba wimbo wa Harry Parr-Davies uliobeba jina la filamu, pingamizi langu lilikosa nguvu. Niliirudisha nyuma sehemu hiyo mara mbili, nikizitazama nyuso za wale wanaotembea nyuma yake.