Bima kubwa ya gari la umeme: anza na kipengele cha betri, bei baadaye

Ukiomba bei ya bima kubwa kwa magari mawili ya ukubwa mmoja, moja la petroli na moja la umeme, mara nyingi la umeme litatozwa zaidi. Wengi hudhani kampuni zinaogopa moto. Ni kweli moto wa betri ni mgumu kuuzima na huweza kuwaka tena saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, lakini hautokei mara nyingi. Kinachopandisha ada ni gereji. Mwaka 2023 Thatcham Research, taasisi ya utafiti wa magari inayogharimiwa na kampuni za bima, ilikadiria kwamba nchini Uingereza madai ya bima ya magari ya umeme yanagharimu takriban asilimia 25 zaidi ya yale ya petroli na dizeli, na matengenezo yake yanachukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 14 hivi.

Tazama gari lililopigwa na jiwe chini. Betri imelazwa chini ya sakafu, ndani ya sanduku la alumini au chuma, na yenyewe peke yake yaweza kuwa theluthi ya thamani ya gari. Sanduku limebonyea kidogo, mbonyeo usiozidi kiganja cha mkono, na gari linatembea vizuri. Je, seli za ndani ziko salama? Kwa macho hakuna ajuaye. Fundi wa volti kubwa atasoma hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya betri, atalinganisha volti za seli, atapima kama sanduku linavuja, kisha atapima kama umeme unapenya kwenda kwenye bodi ya gari. Kwa kipimo hicho cha mwisho, kanuni ya Umoja wa Mataifa R100 inataka ukinzani (uwezo wa kuzuia umeme usipenye, unaopimwa kwa omu) wa angalau omu 100 kwa kila volti ya mkondo mnyoofu, yaani mfumo wa volti 400 usisome chini ya omu 40,000. Aliyefunzwa hufanya kazi hii bila shida. Waliofunzwa ndio wachache, na mtathmini wa bima asiye na ripoti ya vipimo mkononi hujihami kwa kuandika kwamba betri nzima ibadilishwe.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuseme gari jipya lina thamani ya 100 na betri yake ni 35, na mkataba unasema gari litahesabiwa limekwisha kabisa endapo matengenezo yatafika asilimia 60 ya thamani yake. Mwaka wa kwanza, kubadilisha betri ni 35 kati ya 100, kwa hiyo gari litatengenezwa. Miaka mitano baadaye gari limeshuka hadi 50, lakini betri mpya bado ni 35 au pungufu kidogo tu. Sasa ni asilimia 70 ya thamani. Mbonyeo uleule wa kiganja unalifuta gari zima, nawe unapewa fidia ya thamani ya sokoni ambayo huenda isitoshe kununua jingine la hali ileile. Ndiyo sababu ada ya gari la umeme lenye umri haishuki kwa kasi ya thamani yake, na kampuni ikikuambia hivyo haikudanganyi.

Kinachotukera ni kipengele cha uchakavu. Baadhi ya mikataba hukata kiasi fulani kwa kila mwaka wa umri wa betri inapobadilishwa. Kwa makato ya asilimia 10 kwa mwaka, mwenye betri ya miaka mitano hulipa nusu ya betri mpya kutoka mfukoni, hata kama betri yake ilikuwa bado na asilimia 90 ya uwezo wake. Huo ni uonevu. Bima tunayoipa alama za juu hulipa betri kamili hadi umri uliotajwa, au hukata kwa kufuata afya ya betri iliyopimwa badala ya kalenda. Ili uweze kudai hivyo, omba ripoti ya afya ya betri kila gari linapofanyiwa huduma na uitunze pamoja na karatasi za bima. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usichanganye jambo hili na dhamana ya kiwanda, ambayo mara nyingi ni miaka 8 au kilometa 160,000, na hushughulikia betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake. Betri kupungua nguvu kwa matumizi si kazi ya bima. Na mwenye bima ndogo pekee asitarajie chochote kwa betri yake.

Kuna gharama nyingine ambazo watu huziona siku ya ajali tu. Mifuko ya hewa ikifunguka, magari mengi hulipua fyuzi ya baruti ili kukata umeme mkubwa. Fyuzi hiyo lazima ibadilishwe hata kama betri ni nzima, na kwenye baadhi ya magari iko mahali pa kulazimu betri kushushwa. Gari likivutwa huku magurudumu ya mota yakizunguka ardhini, mota hugeuka jenereta na kuweza kuharibu mfumo, kwa hiyo mkataba utaje lori la kubeba gari zima, si kamba. Chaja ya ukutani na kebo ziandikwe kwa majina. Kama betri ni ya kukodi, kama zilivyouzwa Renault Zoe nyingi za awali, mwenye betri naye aonekane kwenye mkataba, la sivyo fidia itagombaniwa.

Kushusha ada kunawezekana kwa kupandisha eksesi (kiasi unacholipa mwenyewe kwenye kila dai) au kutaja kilometa chache kwa mwaka, mradi uwe mkweli. Punguzo la kukubali gereji za kampuni ni zuri iwapo tu wakala atakutajia kwa maandishi gereji ipi ina fundi wa volti kubwa. Akijibu "zote zinaweza", tafuta wakala mwingine.

Ajali ikitokea chini ya gari, usiliwashe kujaribu. Piga picha za sanduku la betri kabla halijasogezwa, mwambie wa lori kwamba ni la umeme, na liegeshwe uwanjani, mita 15 kutoka kwenye magari mengine na majengo. Nafasi hiyo yadi inayolihifadhi gari huitoza kwa siku, na mtathmini anaweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo angalia mapema kama mkataba unalipa ada ya yadi hadi siku ya uamuzi au unaishia siku chache tu.